"i mara j": nani yuko kushoto?

SWALI: Ninafundisha hesabu sekondari hapa Ujiji. Kwenye klabu yetu, ambako tunajadili kwa Kiswahili, tumefika namba za Hamilton, zile zenye i, j na k, ambazo kila moja ikizidishwa kwa yenyewe inatoa −1. Nikisema "i mara j", huyu anaandika ij, yule ji, na majibu yanapishana. Nani kakosea? Na je, naweza kusema polinomia ina "ulinganifu"?

JIBU: Mwalimu, vijana wako wasamehe, aliyewaponza ni "mara". Neno hili halijawahi kulazimika kutaja upande. Pale mwalo wa Kibirizi, mafungu 3 ya dagaa kwa shilingi 4,000 kila moja, au mafungu 4 kwa shilingi 3,000, yote utalipa 12,000.

William Rowan Hamilton alipozipata namba zake Dublin mwaka 1843, ilimbidi aachane na mazoea hayo: ij ni k, lakini ji ni −k. Chukua ix = k; x ni j. Andika xi = k; sasa x ni −j. Ukizisoma zote mbili "i mara x", umewanyima wanafunzi swali zima.

Wapo wanaodai "zidisha x kwa i" inatosha. Sikubali. Hiyo "kwa" inataja kinachozidisha, haisemi kimekaa wapi. Sema "zidisha x kwa i kushoto" ukitaka ix, na "zidisha x kwa i kulia" ukitaka xi. Inarefusha maneno, lakini ubaoni hakuna atakayeuliza tena.

"Ulinganifu" litumie bila wasiwasi, ila taja kilichohamishwa na kilichobaki. Tuseme polinomia ni x² + 1, tunatafuta x inayoifanya iwe 0, na x ni a + bi + cj + dk, ambapo a, b, c na d ni namba kamili tu. Majibu ni sita: i, j, k na hasi zake. Weka j mahali pa i, k mahali pa j, i mahali pa k: majibu ni yale yale, na ij = k imekuwa jk = i, ambayo ni kweli. Lakini badilisha i na j peke yao, k isiguswe: majibu sita bado yapo, ila kanuni imekuwa ji = k, nayo ni uongo. Kwa hiyo orodha ya majibu imebaki linganifu, kuzidisha hakukubaki.

Waambie klabuni warudie mabadilishano hayo ya mwisho, safari hii k nayo igeuzwe −k.