Usije na fomu wakati wa mbalamwezi

Vyuo vikikaribia kufunga, simu yangu huanza kupokea ujumbe uleule: "Kaka, nakuja Kigoma kufanya utafiti, nitafutie wavuvi wa kuhoji." Nimekuwa nikikusanya takwimu kwa kibarua kwa miaka mingi, mwaloni wanakoshushia samaki na kwenye vijiji vya milimani, kwa hiyo wengi huelekezwa kwangu. Leo najibu wote kwa mpigo.

Kabla hujakata tiketi, angalia mwezi angani. Sitanii. Katika kazi yangu ya kwanza, timu moja ilikuja kupima dagaa wanaoshushwa Katonga kwa siku kumi. Mizani mipya, kompyuta, vizibao vya mifuko mingi. Saa kumi na moja alfajiri tukawa tumeshajipanga ufukweni. Mitumbwi imelala mchangani, nyavu zimeanikwa, vijana wawili wanacheza bao. Tukaandika sifuri. Kesho yake, sifuri tena. Siku ya tatu mama mmoja muuza dagaa akasimama, akatutazama kwa huruma.

"Wanangu, mnasubiri nini?"

Tukamweleza. Akanyoosha kidole upande wa Kongo, ambako mwezi mkubwa kama sinia ulikuwa unazama. "Na mwezi wote huo, nani atapeleka taa?"

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku, kwa taa. Giza likiwa nene, mwanga unawakusanya; kukiwa na mbalamwezi, taa yako ni kazi bure, basi watu wanapumzika na kushona nyavu. Mtoto wa darasa la pili pale mwaloni anajua hilo. Sisi wenye digrii tulikuwa njiani kuandika kwamba samaki wamekwisha.

Ndiyo maana nawashauri mfike mapema, hata wiki moja, bila fomu. Kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, unacho, barua ya mkoa na ya wilaya unazo, umeripoti kwa mtendaji wa kijiji na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Vizuri, lakini hizo karatasi zinakupa ruhusa tu, mazungumzo hazikupi. Kaa kwenye kibanda cha chai. Wasomee maswali yako, uwaachie wayacheke. Swali watakalolicheka ndilo la kufuta.

Na waulize wao wanataka kujua nini. Mzee mmoja aliwahi kutuambia kwamba upepo wa kusini wa siku hizi "haulichimbi ziwa". Mwenzetu mmoja aliacha kuandika akidhani ni methali. Kumbe mzee alikuwa anaeleza kazi halisi ya ziwa hili. Lina kina cha karibu mita 1,470, na maji ya chini hayana oksijeni ila yana virutubisho vingi. Upepo wa kiangazi, kuanzia Mei hivi, ndio unaosaidia kuvipandisha juu, vijimea vya majini vikue, dagaa wapate chakula. Mwaka 2003 wanasayansi walichapisha matokeo kwamba ziwa limepata joto na maji yake hayachanganyiki kama zamani. Mzee hana kipimajoto, lakini ana miaka hamsini ya kulala majini. Ukimsikiliza, unajua pa kupeleka kipimo chako.

Kwenye vijiji vya milimani tatizo ni jingine: saini. Wewe unaiita fomu ya ridhaa. Mwenye shamba anaona karatasi ya mgeni, halafu mgeni huyo anazunguka na GPS kwenye mpaka wake. Atawaza ardhi, na mimi simlaumu. Eleza kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya kila mtu, ramani itakwenda wapi na nani atabaki na nakala. Kama jibu ni "sijui", usipime kwanza.

Sampuli nazo zilipwe. Kiganja cha dagaa kutoka kwenye ndoo ya mtu kinaonekana kidogo, lakini kiganja kila alfajiri kwa mwezi mzima ni mboga ya familia.

Halafu hili la "msaidizi wa utafiti" linaniudhi, nikiri. Jane Goodall, yule Mwingereza mtafiti wa sokwe, alifika Gombe, msitu wa sokwe hapa Kigoma, Julai 1960; dunia nzima inajua. Wachache wanakumbuka kwamba watafiti vijana wanne walipotekwa pale mwaka 1975 na watafiti wa kigeni wakaondoka, Watanzania ndio waliobaki wakiwafuata sokwe na kujaza madaftari kila siku. Kumbukumbu zile zisingekuwa na mfululizo bila wao. Kwa hiyo anayekuonyesha njia, anayejua jina la mti na tabia ya mnyama, mjadili tangu mwanzo jina lake litakaa wapi kwenye kazi yako.

La mwisho ndilo linalorukwa zaidi: kurudi. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, watu waliniuliza mtaani, "Zile namba tulizokupa ndizo zilizotufungia?" Sikuwa na jibu, kwa sababu timu nyingi nilizofanya nazo kazi zilipanda basi na sikuzisikia tena.

Moja tu ilirudi. Tulichora mchoro wa nguzo za mavuno, moja kwa kila wiki, kwenye karatasi ya manila, tukaibandika kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Watu wakaikaribia, wakanyamaza. Kisha mvuvi mmoja akaweka kidole kwenye nguzo fupi kuliko zote, ile tuliyoieleza kwa ukurasa mzima wa nadharia.

"Wiki hii hatukutoka. Tulikuwa tunamzika mwenyekiti wetu."

Kiongozi wa timu akaomba kalamu, akaandika juu ya nguzo ile: msiba.