Yanayong'aa ndani ya makaa ya mawe

SWALI: Mimi ni mhunzi hapa Mbinga. Ndani ya makaa ya mawe naona chembe zinazong'aa kama dhahabu, na moto ukiwaka harufu inachoma pua. Ni nini?

JIBU: Ndugu yangu, hiyo ni pairiti, yaani chuma kilichoungana na salfa. Ikiungua hutoa gesi hiyo kali. Aseniki na zebaki, ambazo ni sumu, nazo hukaa humohumo mara nyingi. Zebaki hugeuka mvuke, huioni wala huinusi. Ninachohofia zaidi ni chakula. Huko Guizhou, China, familia zilikausha pilipili ndani ya nyumba juu ya makaa yenye aseniki nyingi, watu wakaugua ngozi na ini. Tafadhali, fua chuma chako nje, na usichome mahindi wala nyama kwenye moto huo.