Ukitaka kumsaidia mgonjwa wa akili, mfuate nyumbani

Vijana wanaotaka kujitolea katika afya ya akili hapa Mombasa huanza kwa kuniuliza watasomea wapi ushauri nasaha. Kusoma ni kuzuri, wala simzuii mtu. Lakini kuna kazi inayokosa watu kila siku, na kuianza kunataka miguu, subira na mdomo unaojua kunyamaza. Ni kumfuata mgonjwa anapotoka hospitali na kurudi mtaani.

Kaa kidogo kwenye benchi la kliniki ya akili pale Port Reitz utaelewa. Mtu ametoka Likoni, amevuka feri, amepanda matatu mpaka Changamwe, akamalizia kwa boda. Foleni ni ndefu, kwa hiyo muda wake na daktari ni mfupi. Anapewa dawa, anaambiwa tarehe ya kurudi, basi. Siku zote zilizobaki yuko mikononi mwa mama yake au dada yake, au hana mtu. Mengi huharibika katika siku hizo, na daktari hayupo kuyaona.

Nilikuwa nikimtembelea kijana anayeuza kahawa jioni. Nyumbani walisema amekuwa mkaidi, hataki dawa, na mamake alikwisha kuamini kwamba majini yamemrudia. Sikumtajia dawa. Nilikaa naye pale anapouzia, nikaagiza kahawa na kashata. Alipoinamisha dele la kahawa, mdomo wa dele ukawa unagonga ukingo wa kikombe, kahawa ikamwagikia vidoleni, naye akapangusa upesi kabla wazee wa barazani hawajaona. Nikamuuliza mikono imeanza hivyo lini.

"Tangu zile tembe," akasema. "Watu wakiniona natetemeka wanadhani natumia unga. Nikiziacha, mikono inatulia."

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Ukaidi wote ule ulikuwa ni mtu anayelinda riziki yake. Tulirudi kliniki pamoja, akajieleza mwenyewe, mimi nikawa wa kumkumbusha tu, na dawa ikabadilishwa. Kutetemeka, shingo kukakamaa, mate kujaa, usingizi usiokwisha, kunenepa ghafla: madaktari wanayajua hayo yote na mengi yanaweza kupunguzwa, ila lazima waambiwe. Kwa hiyo ukimtembelea mgonjwa, muulize dawa inamfanya nini, kisha uandike majibu kwenye karatasi ya kupeleka kliniki. Usimwambie apunguze wala aache. Hilo si letu kabisa, hata ukiwa na uzoefu wa miaka.

Ramadhani inataka uangalifu wake. Wengi huhamisha dawa wenyewe, za asubuhi na jioni wakazimeza zote futari. Mwambie mgonjwa aende kliniki kabla ya mwezi kuandama ili apangiwe saa za daku na futari, au aelezwe kama hali yake inamruhusu kufunga. Anayetumia lithiamu ndiye wa kuhangaikiwa zaidi, kwani mwili ukikauka maji katika joto letu hili, dawa hiyo hupanda kwenye damu hadi kuwa sumu.

Suala la dua na maombi huwachanganya wengi wanaojitolea. Ushauri wangu ni mmoja: usishindane nayo. Ukifika nyumba ya watu ukaanza kuwaambia hakuna majini, hutakaribishwa tena, na atakayepata hasara ni mgonjwa. Mimi husema, "Mama, dua iendelee, na dawa iendelee." Nimeona masheikh na wachungaji wakiwa wasaidizi wakubwa walipoombwa kwa heshima wawahimize watu wao warudi hospitali. Panapokuwa na kufunga mtu kamba, kumpiga au kumnyima chakula, hapo sinyamazi. Mueleze muuguzi siku hiyo hiyo, na mhusishe mzee wa mtaa.

Halafu kuna lile swali ambalo watu huliogopa. Ukimuona mtu amekata tamaa, anagawa vitu vyake, anaaga kwa namna usiyoielewa, muulize waziwazi: "Umefikiria kujiua?" Kumuuliza hakumtii wazo kichwani. Wengi hushusha pumzi kwa kupata wa kumwambia. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa, sumu na kamba karibu naye, mpeleke hospitali. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo. Zamani familia zilificha jambo hili kwa kuogopa polisi, maana kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Waambie watu, maana wengi mtaani hawajasikia.

Wapo wanaodhani sisi tusio madaktari hatuwezi kuleta tofauti. Zimbabwe imekwisha kuwajibu. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza Harare, katika kitongoji cha Mbare, na kina bibi 14 wa mtaani, wakawa wanakaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya kliniki. Mradi huo, Friendship Bench, ulipimwa kwa utafiti uliochapishwa 2016, na baada ya miezi sita waliokaa na wasaidizi hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Lakini angalia: kina bibi wale walifundishwa, na walikuwa na mtu wa kumrudia wanapokwama. Nawe usifanye kazi hii peke yako. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, jitambulishe kwa muuguzi anayeshughulikia afya ya akili, na umtafute mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lako. Yeye anajua nyumba zenye wagonjwa, hata zile ambazo mlango haufunguliwi.

Mama wa mgonjwa naye ni mgonjwa wako nusu. Kaa na mwanawe alasiri moja ili yeye aende sokoni Kongowea, au alale tu. Ukikutana nao sokoni, salimia kama unavyosalimia jirani yeyote; habari za dawa zibaki nyumbani. Pesa usianze kutoa. Nauli ya kliniki ikiwa tabu, kaa na familia mtafute mjomba au jumuiya ya msikiti au kanisa itakayoibeba, la sivyo siku utakapokuwa huna utaona haya kwenda, na ziara zitakatika.

Zitakatika siku moja hata hivyo: utahama, utapata kazi, au utachoka, na kuchoka katika kazi hii ni jambo la kweli. Usipotee kimyakimya. Sema mapema, mara mbili tatu, tarehe yako ya mwisho ni lini. Mlete atakayekurithi, mkae wote watatu, na umuache mgonjwa mwenyewe amsimulie mgeni hali yake, aanzie anapotaka.