Maswali na Majibu: Shahada au Programu?

SWALI: Shikamoo, Mhariri. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, na tangu hapo ninatengeneza kadi za harusi na mabango kwa simu. Kaka yangu anasema sitaajiriwa kama mbunifu wa grafiki bila shahada, ilhali rafiki zangu wanasema kuzijua programu kunatosha. Nimfuate nani? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Kaka yako ana hoja, kwa kuwa ofisi nyingi zinazoajiri rasmi huomba cheti. Chuo kizuri, kama shule ya sanaa ya Margaret Trowell iliyopo Chuo Kikuu cha Makerere, hukupa pia walimu wa kuikosoa kazi yako. Hata hivyo, kutoka kidato cha nne njia iliyo karibu nawe ni cheti, kisha stashahada. Programu nazo hujifunzwa popote, na Inkscape (ya kuchora) na GIMP (ya kuhariri picha) hazilipiwi.

Linalonitia wasiwasi ni kwamba pande zote mbili zimelisahau jicho. Tandika kanga ya mama yako uitazame kwa makini: pindo limeuzunguka mji, yaani sehemu ya katikati, mji umebeba picha kuu, na jina, yaani maneno ya kanga, limewekwa mahali ambapo mtu hulisoma bila kulitafuta. Aliyeichora aliamua kipi kionekane kwanza, akatumia rangi chache, akaacha nafasi ya kupumua. Chora kanga kumi kwa penseli, kisha ubuni yako; zoezi hilo litakufundisha mpangilio na uzito wa herufi kuliko violezo vya simu, ambavyo vimekwisha kuamuliwa na mtu mwingine.

Jambo la pili ni uchapaji. Kioo cha simu huunda rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu, lakini mashine ya kuchapa hutumia wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi, ndiyo maana kijani kinachong'aa kwenye simu hufifia kwenye karatasi. Vilevile, picha yenye upana wa pikseli (vinukta vinavyounda picha) 1080, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, hutoka na upana wa sentimita 9 hivi. Ukiilazimisha kujaza bango, itavurugika. Bango langu la kwanza liliharibika hivyo, na mteja alikuwa na haki ya kukataa kulipa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada popote, omba kushinda mwezi mmoja kwa mchapaji wa mtaani kwako, ukiandaa mafaili na kukata karatasi.