Jibu: Wachina huandikaje kwa kompyuta bila vitufe maelfu?

Mkuu, umeuliza kama kibodi ya Mchina ina vitufe maelfu. Haina. Ni hii hii yetu ya A mpaka Z.

Wengi wa China bara hutumia pinyin, yaani maandishi ya matamshi kwa herufi za Kilatini yaliyoidhinishwa mwaka 1958. Unaandika shi, zinajitokeza 是, 十, 事, 市 na nyingine nyingi zenye sauti hiyo, unachagua. Mkato wake ni kuandika herufi za mwanzo tu: zg inakupa 中国, yaani China. Sauti ya ü huandikwa kwa v, kwa hiyo "mwanamke" ni nv. Wanafunzi wengi hukwama hapo.

Lakini ninayoipenda mimi ni njia ya umbo. Cangjie, aliyoibuni Chu Bong-Foo mwaka 1976, inaivunja herufi ya Kichina vipande: 明 ni jua na mwezi, basi unabonyeza A kisha B, umemaliza. Wubi, njia nyingine ya umbo, ya Wang Yongmin, ya mwaka 1983, haizidi vitufe vinne kwa herufi moja, na herufi 25 zinazotumika sana zina kitufe kimoja kimoja pamoja na kitufe cha nafasi: Q ni 我 (mimi), R ni 的 (kama "-a" ya umiliki).

Kama unaanza, shika pinyin. Ila andika kwa mkono pia kila siku, maana pinyin haikudai ukumbuke umbo, na hata Wachina wenyewe hulalamika kwamba wakishika kalamu herufi zinawatoka.