Re: Safari ya besiboli jijini na watoto wawili

Dada, umeuliza utalitembeleaje jiji wakati mwanao wa miaka 12 ana mashindano ya besiboli, na mdogo wake wa miaka 6 yumo safarini.

Matembezi marefu yasitangulie mechi. Miguu iliyozunguka makumbusho tangu asubuhi haikimbii jioni. Tena mvua ikinyesha mechi husogezwa, kwa hiyo epuka tiketi zisizorudishiwa pesa.

Je, mwanao ni mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira? Basi hesabu mwenyewe mipira anayorusha, usimwachie kocha peke yake. Kanuni za Little League, shirika la besiboli ya watoto la Marekani, zinaruhusu mipira isiyozidi 85 kwa siku kwa umri wa miaka 11 na 12, na akirusha 66 au zaidi lazima apumzike siku 4 kabla ya kurusha tena. Hata kama mashindano yenu yana kanuni nyingine, mimi ningefuata hizi. Bega la mtoto bado linakua, na hamu ya kombe huwasahaulisha watu wazima.

Mkipanda ndege, gongo la kupigia mpira liingie kwenye mizigo mnayokabidhi, si ya mkononi. Glavu abebe mwenyewe.

Huyo mdogo, tafadhali, asishindishwe uwanjani. Gawaneni na baba yake: mmoja abaki kushangilia, mwingine amtoe akacheze.