Uliza Mzee Spana: Rolls ni Nani, Royce ni Nani?

SWALI: Shikamoo Mzee Spana. Mimi na shemeji yangu tuna ubishi hauishi. Yeye anasema Rolls-Royce ni jina la tajiri mmoja tu wa Kiingereza, Rolls jina lake, Royce la ukoo. Mimi nasema ni watu wawili. Tumewekeana kreti ya soda. Na kama ni wawili, nani hasa aliyelitengeneza hilo gari? – Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Kachukue kreti yako, ni watu wawili, na ukitaka kummaliza kabisa shemeji mwambie kuna wa tatu ambaye jina lake halikuandikwa popote kwenye gari, nitamfikia.

Aliyetengeneza ni Royce, wa mwisho kwenye jina. Henry Royce kazaliwa 1863 kijiji kinaitwa Alwalton, karibu na mji wa Peterborough, baba yake alikuwa na mashine ya kusaga nafaka ikamfilisi, akafariki mtoto ana miaka 9. Hapo ndo maisha yakaanza kumchapa, akauza magazeti mtaani, akapeleka telegramu majumbani, shule kaigusa mwaka mmoja hivi basi. Shangazi yake akajikamua akamlipia ada ya kujifunza ufundi kwenye karakana ya reli, pauni 20 kwa mwaka, lakini baada ya miaka mitatu hela ya shangazi ikakata na kijana akatoka bila kumaliza. Hapa wasomaji wangu wengi mliojifunzia chini ya mwembe mnaelewa vizuri tu.

Akahangaika huku na huku, akaangukia kwenye umeme, ambao enzi hizo ndo ulikuwa mambo mapya. Mwaka 1884 akiwa na akiba yake ya pauni 20 akaungana na rafiki yake Ernest Claremont aliyeweka pauni 50, wakafungua kikarakana mtaa wa Cooke Street, Manchester. Walianza na kengele za umeme za mlangoni, vishikio vya balbu, vitu vidogo vidogo, baadae wakapanda kwenye dainamo, yaani mashine za kuzalisha umeme, na winchi za umeme. Walikuwa wanaishi hukohuko juu ya karakana, na chakula wanapashia kwenye tanuru la kazi. Biashara ikakua kweli, ila kuanzia mwaka 1900 kuja mbele vitu vya bei chee kutoka Ujerumani na Marekani vikaanza kuingia na soko likayumba, so Royce akaanza kuangalia kitu kingine cha kufanya.

Sasa sikiliza vizuri hapa maana mimi ndo napapenda. Akanunua gari. Tena mtumba! Decauville la Kifaransa, silinda mbili. Kulipata tu akaanza kulikasirikia, lina kelele, linatetemeka, linapata moto, kuliwasha mpaka uombe dua. Mtu mwingine angeliuza kwa mwenye shida kuliko yeye. Royce akalifungua lote nati kwa nati, akaangalia kila kifaa kimekosewa wapi, halafu akaamua atengeneze la kwake. Hakuvumbua kitu kigeni, watu wengi wanakosea hapa, gari lake la kwanza lilikuwa na injini ya silinda mbili kama lile la Mfaransa, nguvu za farasi 10, ila kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, kaisuka upya mwenyewe, mfumo wa umeme wa plagi ndo usiseme maana umeme ndo ulikuwa nyumbani kwake, na gia zikachongwa zikakaa kisawasawa. Tarehe 1 Aprili 1904 akalitoa karakanani akaliendesha mpaka kwake Knutsford, kama kilomita 24, na likarudi. Siku ya wajinga, lakini mjinga hakuwepo. Akatengeneza matatu ya hivyo.

Haya, Rolls sasa. Charles Rolls ni mtoto wa kishua, tena kishua chenyewe hasa, baba yake ni Lord Llangattock, kazaliwa London 1877, kasoma Eton na Cambridge. Lakini msimuonee, hakuwa mtoto wa geti kali asiyejua spana. Alisomea uhandisi, na wenzake walimpachika jina Rolls Mchafu kwa sababu mikono ilikuwa na grisi muda wote. 1896 akiwa bado mwanafunzi alishakuwa na gari lake, Peugeot, wakati Waingereza wengi hata kuliona gari bado. Baadae akafungua duka la magari London kwa mtaji wa mzee wake. Anaagiza Peugeot toka Ufaransa, Minerva toka Ubelgiji, anawauzia matajiri wenzake. Na kitu kinachomuuma rohoni ni kwamba anauza magari ya watu wa nje tu, la Kiingereza la kulisimamia kifua mbele hana.

Aliyewakutanisha ni Henry Edmunds, ambaye alikuwa na hisa kwa Royce na huku ni rafiki wa Rolls kwenye klabu ya wenye magari. Akamsumbua Rolls mpaka wakapanda treni pamoja kwenda Manchester, maana Royce kuacha kazi zake aende London ilikuwa haiwezekani. Wakaonana Hoteli ya Midland tarehe 4 Mei 1904. Rolls alikuwa hapendi injini za silinda mbili kabisa, anajua zinavyotikisa mpaka meno, akapanda lile la Royce akijua ni lilelile, na alishuka hana la kusema. Wakakubaliana yeye atachukua kila gari Royce atakalotengeneza, na yatauzwa kwa jina la Rolls-Royce. Mkataba wakatia saini tarehe 23 Desemba mwaka huohuo, na kampuni yenyewe ikaandikishwa Machi 1906.

Ukiniuliza kwa nini jina la muuzaji limetangulia la fundi limefuata, mimi nitakwambia ni kama kawaida tu, ndo dunia ilivyo, mwenye jina mjini anakaa mbele. Royce mwenyewe hata hakuwa na habari. Mpaka amekuwa mtu mkubwa alikuwa akisaini "Henry Royce, fundi makenika". Kazini alikuwa anasahau kula, inabidi kijana amfuate na glasi ya maziwa karakana nzima.

SWALI: Mzee Spana, huyo wa tatu uliyemgusia toleo lililopita kwenye stori ya matangazo ya magari ni nani? Na hivi ni kweli hilo jina la "gari bora duniani" walijipa wenyewe? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Huyo ndo huyohuyo niliyemwahidi wa Tabata hapo juu. Claude Johnson. Alikuwa mshirika wa Rolls dukani, na kabla ya hapo katibu wa klabu ya magari, mtu anayejua watu na anajua kuuza. Waingereza walikuja kumwita ndo kile kistari kati ya Rolls na Royce, na mimi naona ni sawa kabisa. Bila huyu pengine leo tungekuwa tunazungumzia winchi.

Mwaka 1906 Royce alitoa gari jipya, jina lake 40/50, injini lita 7, silinda 6. Wakati ule silinda 6 zilikuwa zinawashinda watu, kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikiwa ndefu inajipinda, injini inatetemeka, na ukizidisha mwendo kranki inaweza kukatika. Yeye akaipanga injini mafungu mawili ya silinda tatu tatu, akaweka kranki nene yenye bearingi 7, na oili ikawa inasukumwa kwa presha mpaka inakotakiwa. Ikatulia kimya. Johnson akaona hii ni mali, ila watu wataaminije? Akachukua gari lenye chesisi, yaani fremu yake ya chini, namba 60551, akalipaka rangi ya fedha, vyuma vyake vikachovywa fedha, akalibatiza Silver Ghost, yaani mzuka wa fedha kwa sababu linapita husikii. Halafu 1907 akalipeleka barabarani chini ya macho ya wasimamizi wa klabu ya magari, London kwenda Glasgow, kurudi, kwenda tena, usiku na mchana isipokuwa Jumapili. Barabara zenyewe za enzi hizo, vumbi na mawe. Mwanzoni lilisimama mara moja, koki ya petroli ilijifunga yenyewe kwa mtikisiko, baada ya hapo likaenda maili 14,371, ni kama kilomita 23,000, bila kusimama kwa ubovu wa gari. Pancha hawakuhesabu, na kwa matairi ya zamani ile ni haki.

Kisha wakalifungua lote mbele ya wasimamizi kuangalia kimelika nini. Vifaa vya kubadilisha ili liwe kama jipya vilifika pauni mbili na ushee. Wakati huo chesisi peke yake ilikuwa inauzwa karibu pauni 1,000!

Na nimesema chesisi, msidhani nimekosea. Rolls-Royce walikuwa hawauzi gari zima, unapewa chesisi na injini yake, bodi unaenda kuundiwa kwa mafundi wengine unavyotaka mwenyewe, kama wenye mabasi yetu ya mikoani wanavyochukua chesisi ya Scania wakapeleka kujengewa bodi. Ndo maana Silver Ghost za zamani hakuna mbili zinazofanana sana.

Kuhusu "gari bora duniani", maneno yalitoka kwenye magazeti ya magari baada ya majaribio hayo, Johnson akayadaka na hakuyaachia tena. Oda zikafurika mpaka Manchester ikawa ndogo, wakahamia mji wa Derby, kiwanda kikafunguliwa Julai 1908. Wakaamua waache magari mengine yote wabaki na hilo moja, na liliendelea kutengenezwa mpaka miaka ya 1920 katikati. Gari moja karibu miaka 20, jamani.

SWALI: Mzee, nimesikia alama ya RR ilikuwa nyekundu ikabadilishwa nyeusi kwa msiba wa Royce. Kuna ukweli? Na Rolls je aliishia wapi, mbona hatajwi tena? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hiyo ya msiba ni stori ya kijiweni. Royce kafariki Aprili 1933 na alama ilibadilika mwaka huohuo, basi watu wakaunganisha. Kumbe uamuzi ulipita yeye yuko hai, sababu ni kwamba ule wekundu ulikuwa unagombana na rangi ambazo wateja wanachagua.

Rolls, masikini, alipata miaka sita tu. Alishinda mashindano ya Tourist Trophy kisiwa cha Man mwaka 1906 na gari la Royce, kisha ndege zikamteka akili. Akataka kampuni itengeneze ndege, wenzake wakagoma, naye akaachia cheo chake. Juni 1910 akawa wa kwanza kuruka kutoka Uingereza mpaka Ufaransa na kurudi bila kutua. Mwezi mmoja baadae, tarehe 12 Julai, kwenye maonyesho pale Bournemouth mkia wa ndege yake ukavunjika hewani. Alikuwa na miaka 32, na ni Mwingereza wa kwanza kufa kwa ajali ya ndege ya injini.

Ajabu ni kwamba vita ilipokuja 1914 serikali ikataka injini za ndege na Royce ndo akakaa kuchora. Injini yake ya Eagle ilianza kazi 1915, na 1919 mbili za hiyo ndo zilizowavusha marubani Alcock na Brown Bahari ya Atlantiki bila kutua. Na alizichora akiwa mgonjwa! Afya yake ilianguka vibaya 1911, Johnson akambeba akampeleka kusini ya Ufaransa, tangu hapo hakurudi tena kufanya kazi Derby, michoro inatumwa tu kwa barua, na nasikia makaripio pia.

SWALI: Kile kidada chenye mabawa mbele ya gari ni malaika? – Msomaji, Tanga

JIBU: Siyo malaika. Ni sanamu ya mchongaji Charles Sykes, ikawa rasmi mwaka 1911 kwa sababu wateja walishaanza kufunga vikaragosi vya ajabu ajabu kwenye rejeta na Johnson akaona aibu. Inaaminika Sykes alichonga akimwangalia Eleanor Thornton, dada aliyekuwa sekretari wa Lord Montagu, tajiri mpenda magari, na ambaye alifariki Desemba 1915 meli ya Persia ilipopigwa torpido kule Mediterania. Royce hakuipenda, alisema inamziba dereva.

SWALI: Kwanini Dreamliner ya Air Tanzania imeandikwa Rolls-Royce kwenye injini? Wenye magari ndo hao hao? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Ukoo mmoja, nyumba mbili. Kampuni ilifilisika 1971 kwa gharama za injini ya ndege, serikali ikaiokoa, magari yakatengwa 1973. Leo magari ni ya BMW, injini za ndege ni kampuni nyingine ya Kiingereza.

SWALI: Mzee, hayo magari yalishawahi kufika huku kwetu zamani? – Msomaji, Moshi

JIBU: Yalifika, tena kwenu hukohuko, ila hayakuja kubeba maharusi. Chesisi za Silver Ghost zilivalishwa deraya na bunduki ya mashine juu, na 1916 yalikuwemo kwenye jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lililoingia toka Kenya kuwapiga Wajerumani upande wa Kilimanjaro. Na kule Uarabuni Lawrence, ofisa wa jeshi la Uingereza, aliyatumia jangwani dhidi ya Waturuki na akayasifia sana.

SWALI: Shikamoo. Umewahi kuliendesha? Na ni kweli haliharibiki? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba. Sijawahi, nimewahi kulisukuma. Miaka ya nyuma lilikwama kwenye harusi moja mjini, bibi harusi ndani, sisi tulioalikwa tukavua makoti. Dereva akakataa katakata kwamba limeharibika. Baadae nikaja kugundua kumbe alikuwa anafuata mila, kuna utani wa miaka mingi kwamba Rolls-Royce huwa haliharibiki, huwa "limeshindwa kuendelea na safari".